Sauti ilitangulia, umiliki ukachelewa

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuna ubishi nyumbani. Mjomba anasema zamani mwanamke katika muziki alikuwa pambo tu: kuitikia na kunengua nyuma ya wanaume, na ni siku hizi tu ndipo amekuwa mtu mkubwa. Rafiki yangu anasema hakuna kilichobadilika, mwanamke bado anauzwa kwa sura. Mimi natunga na kuimba, nimeanza kuingia studio, kwa hiyo jibu nalihitaji kwa ajili yangu mwenyewe. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako amekosea kuhusu zamani, na rafiki yako amekosea kuhusu sasa. Nianze na mjomba, kwa sababu kosa lake linarudiwa hata na watu waliosoma: wanadhani mwanamke alianza chini kabisa, akapanda mwaka hadi mwaka, na leo ndio amefika juu. Mambo hayakwenda hivyo. Muziki wa kurekodiwa ulipogeuka kuwa biashara kubwa, wanawake walikuwa mstari wa mbele, majina yao kwenye santuri na picha zao kwenye matangazo. Kisha wakarudishwa nyuma, wakasogea tena, wakarudishwa tena. Walichokosa muda mrefu ni mamlaka ndani ya studio na umiliki wa kazi zao, na huko ndiko nitakakokupeleka.

Turudi mwaka 1920. Mwezi wa Agosti, mjini New York, Mamie Smith alirekodi wimbo wa bluzi kwa kampuni ya Okeh. Kabla ya hapo kampuni za rekodi zilikuwa hazijamrekodi mwimbaji yeyote mweusi akiimba bluzi, zikiamini kwamba santuri ya namna hiyo haina mnunuzi. Ile ya Mamie iliuzwa kwa makumi ya maelfu, na kampuni zikaanza kuwasaka wenzake: Ma Rainey, Bessie Smith, Alberta Hunter, Ethel Waters. Wote wanawake. Wale wanaume wapiga gitaa ambao leo hutajwa kama waasisi wa bluzi waliingia studio baadaye kidogo, mlango ukiwa umeshafunguliwa na hawa.

Kwetu, mwaka 1928, Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alipanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Wapiga ala aliofuatana nao walikuwa wanaume, na mwenye jina alikuwa yeye. Taarabu ilikuwa muziki wa jumba la sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akaingiza humo habari za mitaani na za mahakamani, ukiwamo mkasa wa mwanamume aliyemuua mwanamke kisha akakwepa sheria. Misri nako Umm Kulthum, ambaye utotoni baba yake alimvalisha nguo za kiume ili aimbe hadharani bila kusemwa, alikuwa amehamia Cairo. Kuanzia miaka ya 1930 sauti yake ilirushwa redioni kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wa maonyesho, na watu wa nchi nyingi za Kiarabu wakaacha shughuli zao kumsikiliza. Yeye ndiye aliyechagua washairi na watunzi wa kufanya nao kazi, akajadili mikataba yake mwenyewe, na katika miaka ya 1940 akachaguliwa kukiongoza chama cha wanamuziki cha nchi yake.

Mwambie mjomba hayo. Hakuna pambo hapo.

Lakini tazama pia kilichoandikwa kwenye karatasi. Bessie Smith aliipatia kampuni ya Columbia fedha nyingi mno tangu santuri yake ya kwanza ya mwaka 1923, na alikuwa miongoni mwa wasanii weusi waliolipwa vizuri kuliko wote wakati wake. Hata hivyo mkataba wake ulikuwa wa kulipwa kiasi maalumu kwa kila wimbo aliorekodi, bila mrabaha. Santuri ikiuza nakala elfu moja au laki moja, yeye hakupata zaidi. Uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka 1929 na watu wakaacha kununua santuri, kampuni ilimwacha akiwa hana kazi anayoimiliki wala mapato ya kumfuata. Utaiona hali hii ikijirudia katika karne nzima: sauti na jina vya mwanamke, hesabu ya mtu mwingine.

Ile milango iliyofunguka katika miaka ya 1920 ilianza kufungwa muongo uliofuata, zama za bendi kubwa za jazi zilipoingia. Bendi ikawa na wanaume kumi na watano wenye tarumbeta na saksafoni, na mwanamke mmoja aliyevaa gauni, akikaa kwenye kiti mbele ya jukwaa, akisubiri zamu yake ya kuimba beti mbili. Hapo ndipo picha ya mjomba ilipozaliwa. Ni picha ya kweli, ila ni ya wakati fulani, na ilitokea baada ya wanawake kuwa wakubwa.

Hata wakati huo walikuwapo walioikataa. Bendi ya International Sweethearts of Rhythm ilianzia katika shule moja huko Mississippi mwaka 1937: wanawake watupu, wa rangi mbalimbali, wakipiga vyombo vyote. Vita vya pili vya dunia vilipowachukua wanamuziki wanaume, bendi za wanawake zilijaza kumbi. Wanaume waliporudi, kazi zikarudishwa kwao, na kufikia 1949 bendi ile ilikuwa imevunjika. Hakuna aliyesema wanawake wale wamesahau kupiga tarumbeta. Nafasi tu ilihesabiwa kuwa ya kuazima.

Yupo pia Sister Rosetta Tharpe, ambaye naomba ukimaliza kusoma umtafute umtazame akipiga gitaa la umeme. Alianza kurekodi na kampuni ya Decca mwaka 1938, na namna alivyozichuna nyuzi ikawa msingi wa kile kilichoitwa rokenroli miaka mingi baadaye. Vijana wa kiume waliomwiga wakawa matajiri. Yeye alifariki mwaka 1973, kaburi lake likakaa muda mrefu bila jiwe lenye jina. Ukumbi wa heshima wa rokenroli ulimwingiza mwaka 2018. Inaniuma kila ninapoiandika hiyo tarehe.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa kuliko yote, kwa kuwa linakuhusu wewe unayeanza studio: sauti kutenganishwa na jina.

Mwaka 1949 filamu ya Kihindi iitwayo Mahal ilitoka, na wimbo wake mmoja ukawateka watu. Santuri ilimtaja mwimbaji kuwa ni Kamini. Kamini hakuwapo. Lilikuwa jina la mhusika katika filamu. Wasikilizaji waliandikia redio wakitaka kujua ni nani hasa anayeimba, ndipo ikajulikana kuwa ni binti wa miaka ishirini hivi aitwaye Lata Mangeshkar. Angeweza kuridhika kwamba sasa anajulikana. Hakuridhika. Tuzo za Filmfare zilimpa zawadi mtengenezaji wa muziki wa filamu lakini hazikuwa na tuzo ya mwimbaji, na Lata akakataa kuimba kwenye hafla yao mpaka waimbaji nao watambuliwe. Tuzo ya mwimbaji ikaanzishwa, na wa kwanza kuipata ni yeye. Katika miaka ya 1960 akaendelea na dai gumu zaidi, kwamba waimbaji wapate sehemu ya mrabaha wa nyimbo, na dai hilo lilimfarakanisha kwa miaka kadhaa na Mohammed Rafi, mwimbaji mkubwa wa kiume wa zama zake, aliyeona kwamba ukishalipwa ujira wako umemalizana na kazi.

Marekani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1962 prodyuza Phil Spector alikuwa na haraka ya kutoa wimbo mmoja kabla ya washindani wake. Kundi lililokuwa na mkataba naye, The Crystals, lilikuwa New York, na yeye alikuwa Los Angeles. Akamwita Darlene Love na wenzake wakaimba, kisha akauza santuri kwa jina la The Crystals. Wimbo ukafika namba moja. The Crystals wakaanza kuzunguka kuimba wimbo ambao hawakuurekodi, na aliyeurekodi akabaki kuusikia redioni kama msikilizaji mwingine yeyote. Kuna kipindi katika maisha yake Darlene Love alifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu huku sauti yake ikiendelea kupigwa dunia nzima. Alipata heshima yake hatimaye, mwaka 2011, katika ukumbi uleule wa rokenroli.

Usiseme hayo ni ya kale. Karibu mwaka 1990, nyimbo za dansi zilipotawala kumbi, Martha Wash aliimba sehemu kuu za nyimbo kadhaa zilizovuma za makundi ya Black Box na C+C Music Factory. Kwenye video waliwekwa wanawake wengine, wembamba, wakifumbua midomo kufuatisha sauti yake. Alikwenda mahakamani, na kesi zikamalizika kwa makubaliano. Baada ya sakata hilo kampuni zilianza kuwa waangalifu zaidi kuandika ni sauti ya nani iliyomo ndani ya rekodi. Missy Elliott naye amesimulia jinsi mwanzoni mwa kazi yake alivyotunga na kurap katika wimbo wa msanii mwingine, na video ilipotoka akakuta msichana mwembamba akifumbua mdomo kwa sauti yake. Miaka michache baadaye alikuwa na lebo yake mwenyewe, akijitungia na kuwatungia wengine.

Hapo rafiki yako anasikika vizuri: sura, sura, sura. Nitamjibu. Kwanza tuongee kuhusu kalamu, kwa sababu mabadiliko yote makubwa ya miaka hii mia yalipitia hapo.

Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodia. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku fulani studio. Watu wengi wanaopenda muziki hawajui kwamba mali hizi zinaweza kuwa na wenye tofauti, na wasanii wengi wanakuja kujua wakiwa wamechelewa. Big Mama Thornton alirekodi mwaka 1952 wimbo alioandikiwa na vijana wawili, ukakaa wiki saba juu ya chati ya muziki wa watu weusi. Mwaka 1956 Elvis Presley akauimba upya na kuuza mamilioni. Thornton alisema alichowahi kupata kwa wimbo ule ni hundi moja ya dola 500. Utunzi haukuwa wake, rekodi haikuwa yake.

Au mchukue Aretha Franklin. Mwaka 1967 aliuchukua wimbo uitwao Respect, yaani heshima, ambao Otis Redding aliutoa mwaka 1965, akaugeuza kabisa: akaongeza kiitikio, akaongeza zile herufi zinazotamkwa moja moja, na wimbo wa mwanamume anayedai heshima akifika nyumbani ukawa dai la kila mwanamke. Ni miongoni mwa rekodi zilizopigwa redioni kuliko zote. Lakini sheria ya Marekani inazitaka redio za kawaida zimlipe mtunzi peke yake, mwimbaji hapati kitu. Kwa hiyo kila redio ya huko ilipoupiga, fedha zilikwenda upande wa Redding, na alipofariki kwa warithi wake. Aretha aliyeugeuza akapata makofi. Si kwamba Redding aliiba, la hasha. Hivyo ndivyo sheria inavyogawa, na tangu zamani wanawake wengi wamesimama upande wa waimbaji kuliko upande wa watunzi.

Walioingia upande wa pili walibadilisha kila kitu. Carole King alikuwa na miaka 18 wimbo aliotunga pamoja na mumewe, Gerry Goffin, ulipofika namba moja Marekani mwanzoni mwa 1961, ukiimbwa na The Shirelles. Katika mtaa wa watunzi wa New York alikofanyia kazi walikuwapo pia Cynthia Weil na Ellie Greenwich. Kwa hiyo zile nyimbo za makundi ya wasichana, ambazo watu huziona kama midomo ya wasichana ikisema maneno ya wanaume, nyingi zilikuwa na kalamu ya mwanamke nyuma yake. Mwaka 1971 King alikaa mwenyewe kwenye piano, akaimba tungo zake, na albamu ikakaa wiki 15 namba moja. Uingereza ilichukua muda zaidi: ni mwaka 1978 ndipo mwanamke wa kwanza alifika namba moja kwa wimbo aliouandika mwenyewe peke yake. Alikuwa Kate Bush, mwenye miaka 19.

Na yupo Dolly Parton, ambaye ningependa kisa chake kibandikwe ukutani katika kila studio. Katikati ya miaka ya 1970 Elvis alitaka kuimba wimbo aliouandika Parton na ambao ulikuwa umeshavuma. Meneja wa Elvis akamwambia kwamba Elvis haimbi wimbo mpaka apewe nusu ya haki za uchapishaji wa utunzi. Fikiria ukubwa wa Elvis wakati ule, na Parton ndio kwanza alikuwa anaanza kusimama peke yake. Alikataa, na amesema mwenyewe kwamba alilia usiku kucha. Mwaka 1992 Whitney Houston aliuimba wimbo huo kwa ajili ya filamu, ukakaa wiki 14 namba moja Marekani, na mapato ya utunzi yakaja kwa Parton, ambaye hakuwa ameuza haki yake.

Kwa upande wa Afrika kalamu ilikuwa na kazi ya ziada. Oumou Sangaré wa Mali alitoa kaseti yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, akiimba waziwazi dhidi ya uke wenza na ndoa za kulazimishwa, mambo aliyoyaona yakimwumiza mama yake. Kaseti hiyo iliuzwa kupita 200,000 Afrika Magharibi. Miriam Makeba alizungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963 kuhusu ubaguzi wa Afrika Kusini, na serikali ikapiga marufuku rekodi zake na kumnyang'anya uraia. Serikali haimfukuzi mtu ambaye ni pambo.

Guinea ilifanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Mwaka 1961, miaka mitatu baada ya uhuru, iliundwa bendi ya wanawake kutoka jeshi la polisi, Les Amazones de Guinée. Askari wa kike wakapewa gitaa, saksafoni na ngoma, wakalipwa mshahara kama watumishi wa umma, wakafanya mazoezi kila siku. Wakawa bendi nzito ambayo imedumu kwa miongo mingi. Nawataja kwa sababu watu huuliza mbona wanawake wapiga vyombo ni wachache, na jibu liko hapa: walipopewa chombo, muda na mshahara, walipiga.

Nimjibu rafiki yako sasa. Ni kweli sura na mwili wa mwanamke vimekuwa sehemu ya biashara hii tangu mwanzo. Bessie Smith alivaa manyoya na shanga jukwaani. Kampuni ya Motown ilimwajiri Maxine Powell katika miaka ya 1960 awafundishe wasanii kukaa, kutembea na kuongea, na The Supremes wakatoka humo wakiwa na nguo zinazofanana na mikono inayokwenda pamoja, wakapata nyimbo 12 za namba moja. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba zamani waliimba na sasa wanajiuza. Cha kuuliza kuhusu sura ni nani anayeamua na nani anayelipwa. Madonna alipoanzisha kampuni yake, Maverick, mwaka 1992, alikuwa anatumia mwili wake kuliko mwanamke yeyote katika muziki wa wakati huo, na maamuzi na hesabu vilikuwa vyake. Unaweza usipende alichokionyesha. Mimi mwenyewe kuna mengi nisiyoyapenda. Ila kulinganisha hali yake na ya Martha Wash, aliyefichwa kwa sababu ya umbo lake wakati sauti yake inauzwa, ni kukosa kuona tofauti ya mwenye mali na aliyeporwa.

Na bado rafiki yako ana sehemu moja ya kweli, nayo iko nyuma ya kioo cha studio. Huko mabadiliko yamekuwa madogo mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza nyimbo 600 zilizovuma Marekani kati ya 2012 na 2017. Miongoni mwa waimbaji, wanawake walikuwa asilimia 22.4. Miongoni mwa watunzi, asilimia 12.3. Miongoni mwa maprodyuza, asilimia 2. Tuzo ya Grammy ya prodyuza bora wa mwaka, ile isiyo ya muziki wa klasiki, ilianza katikati ya miaka ya 1970, na hadi kufikia 2024 hakuna mwanamke aliyeishinda akiwa peke yake.

Sababu haiko kwenye masikio yao. Mwaka 1963 Delia Derbyshire, akiwa katika karakana ya sauti ya BBC, aliitengeneza rekodi ya muziki wa utambulisho wa mchezo maarufu wa televisheni kwa kukata na kuunga vipande vya utepe, kazi iliyotangulia muziki wa elektroniki tunaousikia leo. Mtunzi mwenyewe alipousikia alitaka agawane naye haki. Utaratibu wa shirika haukuruhusu, na jina lake halikuonekana kwenye skrini mpaka 2013. Estelle Axton aliweka nyumba yake rehani ili kununua mashine ya kurekodia kwa ajili ya kampuni aliyoiendesha pamoja na mdogo wake wa kiume mjini Memphis, ile iliyokuja kuitwa Stax. Sylvia Robinson ndiye aliyesikia vijana wakirap kwenye sherehe akaona kuna santuri humo: mwaka 1979, kwa lebo yake ya Sugar Hill, aliprodyuza wimbo wa kwanza wa hip hop kuvuma duniani. Muziki ambao leo huhesabiwa kuwa wa kiume kuliko yote uliletwa sokoni na mwanamke.

Tatizo ni jinsi watu wanavyoingia studio. Hakuna usaili wala cheti. Kijana anakaa nyuma ya fundi, anatumwa maji, anakesha, anaachiwa mashine saa tisa za usiku, na baada ya mwaka anajua kazi. Msichana anayekesha studio na wanaume wanne anapata sifa nyingine nyumbani kwao na kwa hao wanaume wenyewe. Wengi wanaacha kabla hawajaanza, na wengine wanaondoka kwa mambo waliyofanyiwa mle ndani. Ndiyo maana kompyuta ndogo na programu za kurekodia zimesaidia kuliko tuzo au makongamano: msichana anajifunza chumbani kwake, anaingia studio akiwa tayari anajua anachokitaka.

Redio nazo zilikuwa na mlango wao. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio za muziki wa kantri huko Marekani alisema hadharani kwamba redio ikitaka wasikilizaji ipunguze wanawake, akawaita nyanya katika kachumbari ambayo wanaume ndio majani yake. Kwa miaka mingi kulikuwa na desturi ya kutopiga wanawake wawili mfululizo, na waandaaji wa matamasha nao waliamini kwamba wanawake wawili katika onyesho moja hawajazi ukumbi. Sarah McLachlan alichoshwa na imani hiyo, mwaka 1997 akaandaa ziara ya wanawake watupu, Lilith Fair, na ikawa tamasha la kuzunguka lililoingiza fedha kuliko mengine yote mwaka huo. Ulipokuja usikilizaji wa intaneti, mtu akichagua mwenyewe, milango hiyo ililegea. Tyla wa Afrika Kusini alipata Grammy ya kwanza kabisa ya wimbo bora wa Kiafrika mwaka 2024, na mwaka uliofuata akafuatia Tems wa Nigeria, ambaye alianza kwa kujitungia na kujitengenezea midundo yeye mwenyewe.

Umiliki wa rekodi, ile mali ya pili, ndio uwanja wa sasa. Mwaka 2019 lebo ya zamani ya Taylor Swift iliuzwa pamoja na rekodi mama za albamu zake sita za kwanza, bila yeye kuzipata. Kwa kuwa utunzi ulikuwa wake, aliweza kuingia studio na kuziimba upya, na kati ya 2021 na 2023 akatoa nne kati yake, akawaomba mashabiki wazisikilize hizo mpya. Mwezi wa Mei 2025 akazinunua zile za awali. Angalia kilichomwezesha: kalamu. Asingekuwa mtunzi asingekuwa na njia ile.

Sasa wewe. Unatunga na unaimba, kwa hiyo una mali zote mbili mkononi kabla hujakutana na mtu. Ukitoka studio leo, kabla hamjaagana, andikeni karatasi moja yenye jina la wimbo, tarehe, nani kaandika maneno, nani katoa melodia, nani katengeneza mdundo, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Wote mtie saini. Ukitoa melodia ya kiitikio na mtu akasema "hicho si kitu, ni mchango tu," huo ndio utunzi wenyewe, usikubali uandikwe kama fadhila. Sajili nyimbo zako kwenye ofisi ya hakimiliki ya nchi yako kwa jina lako halisi. Mtu akikupa fedha za kurekodi, muulize rekodi itakuwa ya nani na kwa miaka mingapi, na jibu alitie kwenye mkataba. Sauti yako ikitumika katika wimbo wa mwingine, hakikisha jina lako limo kwenye taarifa zinazopakiwa pamoja na wimbo.

Na jifunze mashine. Si lazima uwe prodyuza, lakini ukijua kukata sauti na kuzipanga, hutakubali kwa urahisi kuambiwa kwamba ulichokitaka hakiwezekani. Ukipata mkataba wa kwanza, niandikie kabla hujatia saini, tuusome pamoja.